Noti Isiyo na Twiga

Enzi zetu noti haikupokelewa kabla haijatazamwa. Ukimpa mtu shilingi ishirini, kwanza aliinyoosha juani, akafumba jicho moja, akaikagua mbele na nyuma, ndipo akakwambia asante. Hakuna aliyeona ni utovu wa adabu. Mimi mpaka leo nafanya hivyo hivyo kwenye genge langu hapa Biharamulo, na wajukuu wangu wananicheka, eti bibi anaongea na pesa. Waache wacheke. Nina sababu yangu, na wale wa rika langu tuliokulia Ngara wanaijua nusu tu. Nusu ya pili sijawahi kuisema mbele za watu.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mabawe. Kabla ya ujamaa kila familia ilikaa ndani ya migomba yake, jirani unamsikia akikohoa ng'ambo ya bonde lakini humwoni. Kisha tukahamishwa wote tukapangwa kando ya barabara, nyumba moja baada ya nyingine kama tuko mstarini tunasubiri kupewa kitu. Sisi watoto tulifurahi. Wenzetu wa kucheza rede walikuwa hapo hapo mlangoni, na asubuhi tulikimbia mchakamchaka kwenda shule huku vumbi jekundu likitupanda mpaka magotini. Lakini wakubwa walianza kuishi kwa kuchunguzana. Ukikaanga kitu kwa mafuta, mstari mzima umejua. Ukinunua khanga mpya, jirani anahesabu kwa vidole atambue kahawa yako ilitoka kilo ngapi. Mama alikuwa akituambia, "Mkila nyama, futeni midomo kabla hamjatoka nje." Tulifuta, na wenzetu walituona tumefuta midomo wakajua tumekula nyama.

Vita vilipoanza huko kaskazini, huo uchunguzi ukapewa cheo. Malori ya askari yalipita mbali na sisi, risasi hatukuzisikia, lakini redio ya kijiji tuliisikia kila jioni, watu wazima wamekaa chini wamenyamaza, na habari zikiisha kila mmoja anamtazama mwenzake. Tuliambiwa adui ana masikio. Sisi wa darasa la nne tukaamini kwamba masikio hayo yako Mabawe. Siku moja tulimfuata mtu mmoja mwenye mbuzi wawili, kutoka shuleni mpaka karibu na Mugoma, kwa kosa la kupiga mluzi wimbo tusioujua. Tulijificha vichakani, tukaandika kwenye daftari la Hesabu rangi ya shati lake na rangi ya mbuzi. Alikuwa anapeleka mahari. Alipotugundua alitufukuza kwa fimbo, na sisi tukaripoti kwamba jasusi ametushambulia.

Ni mwalimu wetu wa Siasa aliyetufundisha noti. Alikuwa kijana mwembamba, suruali yake imepigwa pasi mpaka unaweza kujikata nayo. Asubuhi moja aliingia darasani na noti ya shilingi ishirini ya mshahara wake mwenyewe, akaishika kwa ncha za vidole, akatuambia kwamba adui anaweza kuchapa pesa za bandia azimwage kwetu ili nchi ianguke bila risasi. Alilitoa wapi jambo hilo sijui. Labda redioni, labda kichwani mwake. Tulimwamini kabisa. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuiona noti ya ishirini kwa karibu, nyumbani pesa ilikuwa sarafu zilizofungwa kwenye ncha ya khanga ya mama.

Ilikuwa ya bluu, Rais mbele, mambo ya kiwanda nyuma. Mwalimu akasema picha hizo tusizijali, maana mwizi yeyote mwenye wino anaweza kuziigiza. Tujali yale ambayo mwizi hayawezi. Kwanza uiguse. Noti ya kweli wino wake umeinuka kidogo, ukipitisha ukucha unakwaruza. Pili uisikilize. Ukiitikisa karibu na sikio inalia, kavu, si kama karatasi ya daftari ambayo inanong'ona tu. Tatu uitazame juani. Utaona uzi mwembamba umepita ndani ya karatasi kutoka juu hadi chini, haukushonwa juu, umezaliwa nayo. Na pale penye uwazi, ambapo ukiitazama mezani hapana kitu, utamwona twiga. Kichwa na shingo, masikio yamesimama, amefichwa ndani ya karatasi yenyewe. "Hakuna twiga, hakuna pesa," mwalimu akasema, na tukarudia darasa zima mpaka madirisha yakatetemeka.

Tulipanga mstari uani, kila mtoto akapewa nafasi ya kumtafuta twiga. Wengine walimwona Rais tu. Mimi nilimwona mara moja, hata kabla sijafumba jicho. Mwalimu akanipa noti nigeuze, nikamwona tena akitazama upande wa pili. Akaniambia, "Redempta, wewe una macho ya taifa." Nawaambia, sijawahi kusifiwa hivyo tena maishani, hata siku ya harusi yangu. Wiki nzima nilitembea nimekaza shingo kama huyo twiga mwenyewe. Nilimwomba kila mtu mzima anionyeshe noti yake nimkagulie. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo watu walinivumilia.

Sasa nimtaje Bibi Kandida. Hakuwa ndugu yetu, lakini sote tulimwita Bibi. Alikuwa amevuka kutoka Burundi miaka mingi nyuma, wakati watu walipokuwa wanakimbia, akiwa na ng'ombe mmoja na kisabo kichwani. Kisabo ni kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, na cha kwake kilikuwa cha mama yake, kimekuwa cheusi kwa moshi na kinang'aa kwa mafuta ya miaka. Mume alifia njiani. Watoto hakuwa nao. Aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu pamoja na ng'ombe wake mwekundu aliyemwita Bihogo. Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa nampelekea kikombe chetu, anakijaza mtindi, na kabla hajanipa ananiambia nimsalimie kwanza, kana kwamba nimewahi kusahau. Nikisema shikamoo anaitika marahaba taratibu, anaivuta, halafu ndipo ananikabidhi kikombe. Mtindi wake ulikuwa mzito, unakaa juu ya mdomo. Huo sikuufuta.

Nilimpenda. Nataka mlijue hilo kwanza.

Siku ile duka la kijiji lilipata sabuni na khanga. Ninyi mliokuwepo mnakumbuka miaka ile ilivyokuwa, sabuni ikifika ni habari kubwa kuliko mvua. Tuliruhusiwa kutoka shule mapema, na mimi nikakimbilia dukani kushika nafasi ya mama. Mstari ulikuwa umezunguka mpaka nyuma ya ofisi ya kijiji. Mwenye duka alikuwa Bwana Zabroni, mtu mnene mwenye sauti ndogo, asiyemwamini hata mkewe. Mizani yake aliifunga kwa kufuli. Bibi Kandida alikuwa mbele yangu, kati yetu mtu mmoja tu. Alikuwa amevaa shuka lake safi. Alitaka khanga, na nilijua kwa nini, maana ile aliyokuwa nayo alikuwa ameigeuza upande wa ndani kuja nje.

Ilipofika zamu yake akatoa kifuani jani la mgomba lililokunjwa, akalifungua, akaweka mezani noti ya shilingi ishirini. Hakuna aliyejua kwamba Bibi Kandida ana noti. Bwana Zabroni akaitazama, na kabla hajaishika, mimi nikajipenyeza mbele. Nilikuwa na macho ya taifa. Nikainyakua, nikaiinua mlangoni kwenye jua, nikafumba jicho.

Uzi niliuona. Twiga hayumo.

Nikaigeuza. Hayumo. Pale penye uwazi palikuwa na mwanga tu, mwanga wa manjano sawasawa pote, kama dirisha lisilo na mtu. Nikapitisha ukucha, ukateleza. Nikaitikisa sikioni, haikulia, ilijikunja tu kama ulimi. Ningeweza kuirudisha mezani kimya kimya. Ningeweza kumnong'oneza Bibi. Nikasema kwa sauti ile ile ya darasani, "Hakuna twiga, hakuna pesa." Na nikaona fahari, Mungu anisamehe. Nikaangaza nyuma kuona kama mwalimu yupo anisikie.

Bwana Zabroni akaichukua akaitazama mwenyewe, kisha akampa aliyefuata, na noti ikapita mstari mzima, kila mtu akiiinua juani, kila mtu akitikisa kichwa. Mtu mmoja akasema uzi hauthibitishi kitu, uzi hata fundi cherehani anao. Mwingine akauliza bibi mzee asiye na shamba la kahawa ishirini ameitoa wapi. Wa tatu, ambaye jana yake tu alikunywa mtindi wa Bibi bure, akasema, "Na alikuja kutoka nje." Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimemfikiria twiga tu.

Walimwuliza ameipata wapi. Akasema aliuza ndama wa Bihogo mnadani msimu uliopita. Walimwuliza mbona iko hivi, ameifanya nini. Akanyamaza. Walimwuliza tena, kwa Kiswahili, halafu kwa Kihangaza ambacho alikielewa kama lugha ya kwao. Akawatazama mmoja mmoja, akafunga mdomo. Nikiwa mtoto niliona kimya kile ni cha mwenye hatia. Nilipokuwa mtu mzima na mimi nikaficha vijisenti vyangu ndipo nilipoelewa. Mjane anayeishi peke yake hasemi mbele ya mstari wa watu arobaini mahali anapoficha mali yake. Sisi tulimtilia shaka yeye, na yeye alitutilia shaka sisi, na kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa na sababu.

Baba akaitwa kwa kuwa ndiye balozi. Alikuja na koti lake la mikutano. Akaambiwa kwamba binti yake amegundua pesa bandia, na watu wakanipigapiga mgongoni. Baba hakufurahi. Alijua utaratibu wa siku zile. Kitu kama hicho lazima kiandikwe, kipelekwe kwa katibu wa kata, na kutoka hapo mtu anasafirishwa wilayani kuhojiwa. Na mtu aliyevuka mpaka, katika miaka ile, akipelekwa kuhojiwa hakuna aliyejua atarudi lini, au atarudishwa upande gani. Nilimsikia akimwambia Bwana Zabroni polepole, "Akiondoka huyu mama, Bihogo atakamuliwa na nani?" Bwana Zabroni akajibu kwamba hayo si mambo ya duka.

Mgambo wawili wakatumwa kwenda kupekua nyumba yake kama kuna noti nyingine. Sisi watoto tukawafuata, maana tulifuata kila kitu. Walipindua kitanda, wakachoma mikuki kwenye paa la nyasi, wakamwaga maharage sakafuni. Kisha mmoja akachukua kisabo akakitikisa, akasikia kitu kinagonga ndani. Yalikuwa maziwa yaliyoanza kuganda. Hakuwa na subira ya kuyamimina. Akakipiga kwenye nguzo ya mlango. Kilivunjika kwa sauti ndogo sana, nilitegemea itakuwa kubwa. Maziwa yakatiririka mpaka kwenye miguu yetu, na hakuna noti iliyoonekana. Nilimwona Bihogo nje akitazama kwa jicho lake pana, nikakimbia nyumbani.

Mama alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Nilimweleza yote huku nalia, na sehemu yangu nikaipunguza. Hakuniuliza chochote. Akafunga khanga kiunoni, akaenda moja kwa moja ofisini ambako baba alikuwa ameketi na karatasi mbele yake, kalamu mkononi, hajaandika neno. Bibi Kandida alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani. Noti ilikuwa mezani. Mama hakuiinua juani kama sisi wote. Aliinusa.

Akainusa mara ya pili, akamgeukia Bibi, akainama, akamwuliza kitu sikioni. Bibi akasita, kisha akatikisa kichwa kukubali. Mama akasema, "Hii imelala kwenye samli."

Jamani, mstari mzima wa watu, mwenye duka, mgambo, mtoto mwenye macho ya taifa, hakuna aliyetumia pua. Bibi Kandida alikuwa ameizika noti yake ndani ya kibuyu kidogo cha samli, kama mama yake na bibi yake walivyokuwa wakificha vitu vya thamani. Panya hafiki humo, mchwa hafiki, na mwizi hatatia mkono kwenye samli ya mtu bila kuacha alama. Ni akili nzuri kabisa kwa shanga na pete. Lakini karatasi ikilala msimu mzima kwenye mafuta inayanywa, hata ukiifuta nje inabaki nyangavu pote, na yule twiga aliyechorwa kwa wembamba na unene wa karatasi anapotea. Ukucha unateleza kwa sababu ya mafuta. Sauti haipo kwa sababu ya mafuta. Alama zote tatu alizotufundisha mwalimu zilikuwa zimezama kwenye kibuyu kimoja.

Bwana Zabroni akasema maneno ni maneno, yeye anataka twiga. Mama akamwambia asubiri. Akaagiza unga wa muhogo na pasi ya mkaa ya mwalimu wetu, ile ile iliyonyoosha suruali yake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akitoa mafuta kwenye khanga. Akailaza noti juu ya unga, akaifunika kwa unga, akaweka kitambaa juu, akapitisha pasi isiyo na moto mkali. Akakung'uta unga ulioshikana, akaweka mpya. Mara ya pili. Mara ya tano. Watu walijaa mlangoni mpaka ofisi ikawa giza, baba akawafukuza wasizuie jua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama nimeshika khanga yake, naomba. Sijawahi kumwomba Mungu kitu kama nilivyomwomba mnyama yule.

Mara ya tisa mama akanipa mimi. "Wewe si ndiye mwenye macho," akasema, na hakusema kwa upole. Nikaiinua mlangoni. Kwanza nikaona ukungu. Kisha sikio moja. Kisha shingo, hafifu, kama mtu anayechungulia kupitia pazia. Nikasema yupo. Hawakuniamini, na walikuwa na haki. Bwana Zabroni akaichukua, akafumba jicho, akakaa muda mrefu, halafu akaingia dukani akamletea Bibi khanga.

Baba aliikunja karatasi yake tupu akaitia mfukoni. Jioni ile hakula. Kesho yake akaenda kwa Bibi Kandida na panga, akamjengea upya uzio wa Bihogo siku mbili mfululizo, na hiyo ndiyo iliyokuwa samahani yake. Kwa mtu wa cheo chake haikuwa ndogo. Wale wa kwenye mstari hawakujenga kitu. Walirudi kunywa mtindi, ila siku za mwanzo ulitoka kwenye sufuria, na haukuwa na ile ladha ya moshi.

Siku hizi noti zimejazwa alama kuliko enzi zetu. Kuna uzi unaong'aa, kuna rangi zinazobadilika ukiigeuza, na pale alipokuwa twiga sasa yumo Baba wa Taifa. Lakini nani anamtazama? Vijana pesa yao iko kwenye simu. Mjukuu wangu ananitumia muamala halafu ananiuliza, "Bibi, imeingia?" kana kwamba nimefungua mlango nikaiona inapita. Harusini wanazifunga noti kama maua, wanazipinda bila huruma, wanapiga picha. Hawatilii shaka pesa hata kidogo. Wanatiliana shaka wao kwa wao, hilo ndilo hawajaliacha, ila wanafanya wakiwa wameinamia kioo, hakuna hata anayemwangalia mwenzake usoni akamjua. Sisi angalau tulitazamana. Tulitazamana vibaya, lakini tulitazamana, na aliyekosea alijulikana nyumba yake. Nikikumbuka ule mstari wa nyumba kando ya barabara, moshi wa kila jiko, mtindi juu ya mdomo, natamani kurudi, na papo hapo naogopa kurudi.

Ile nusu ya pili ni hii. Mama alikuwa na kibuyu alichokuwa amekikausha juu ya jiko tangu mavuno, kikubwa, kizuri. Wiki ile ile akanitwisha, akaniambia nikipeleke mwenyewe na niseme mwenyewe. Nilimkuta Bibi Kandida ameketi mlangoni, khanga mpya mabegani. Nikasema shikamoo. Hakuitika. Alipokea kibuyu, akakigonga kwa kidole akasikiliza, akapitisha kiganja ndani, akakinusa, akamimina maji akainua kuona kama kinavuja. Mimi nimesimama nalia, nasema nisamehe Bibi, sikujua Bibi. Akakiweka chini. Kisha akanishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza uso kwenye jua, akafumba jicho moja.

"Tulia," akasema. "Namtafuta twiga."

Alitazama muda mrefu sana, mpaka machozi yakanikauka mashavuni. Halafu akaniachia, akaingia ndani na kibuyu chake. Mtindi aliendelea kunipa kila asubuhi mpaka nilipomaliza shule, na marahaba yake ilirudi, lakini kama siku ile alimwona au hakumwona, hakuniambia, na mimi sikuthubutu kumwuliza.